Mama Alikwenda Kwao kwa Tiketi

Kuna watu wanaopanda ndege kwenda kushangaa mapiramidi. Mama yangu, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, alivaa kofia ya ukili pana kama ungo, miwani ya jua na raba nyeupe za mjukuu wake, akaenda kufanya utalii kijijini alikozaliwa.

Nianze na sababu, maana bila sababu mtu atadhani uzee umemwingia vibaya. Babu yangu, yaani baba yake mama, alikuwa mkulima wa mihogo na minazi kule ndani, upande wa Fukayosi. Alikuwa na shingo ngumu ambayo ukoo mzima tumeirithi bila hata kugombana. Mama alipompenda mwalimu wa hesabu kutoka bara, tena Mkristo, babu akasema hapana. Mama akasema ndiyo. Wakafunga ndoa bomani, mbele ya ofisa aliyekuwa na haraka ya kwenda kula, na babu akaita watu wa nyumba yake akawatangazia: "Mwanangu aliyenivunjia heshima asikanyage kwangu, wala kaburini kwangu." Haukupita muda mrefu akafa, kama mtu mwenye hamu ya kuona agizo lake litafuatwa au vipi.

Mwingine angesema maneno ya hasira huzikwa na mwenyewe. Mama hakuwa mwingine. Alikuwa ameshinda ujana wake wote akiandika maneno ya mashahidi, na kwake neno lililosemwa mbele ya watu ni neno, halina cha hasira wala furaha. Mazikoni hakwenda. Arobaini hakwenda. Lakini kila mwaka Ramadhani ikikaribia, watu wanapokwenda kusafisha makaburi ya wazee wao, alinunua kipande cha bafta nyeupe, akakinyunyizia marashi, akampa mdogo wake ampelekee. Mama mdogo alikifunga kwenye mwarobaini ulioinamia kaburi, akasema, "Hiki cha dada, anaomba radhi," akasoma Fatiha, akarudi mjini na mfuko wa mihogo. Posta hiyo ilifanya kazi miaka nenda miaka rudi, na upande wa pili hakuna aliyejibu.

Mwaka jana mama mdogo alifariki. Nilipoona Ramadhani inakaribia na bafta imekunjwa juu ya kochi haina wa kuipeleka, nikajitolea kuipeleka mimi.

"Wewe?" mama akasema. "Wewe ndiye kielelezo cha kesi. Mtu anaomba radhi kwa kosa, halafu analituma kosa lenyewe likabishe hodi?"

Si kila siku mtu huambiwa na mama yake kwamba yeye ni kosa, na huku amemwekea chai.

Wiki ile ile nikaona tangazo kwenye simu. Siku hizi kila mwenye gari na kipaza sauti ni mtaalamu wa utalii wa ndani, na tangazo lilikuwa la wataalamu wa namna hiyo: safari ya siku moja, mandhari, historia na maajabu ya pwani, chakula cha asili kimo ndani ya tiketi. Chini kulikuwa na picha za vituo. Nilimwonyesha mama ili tucheke. Alicheka mpaka picha ya mwisho. Hapo akachukua simu mkononi, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. Palikuwa na kaburi la saruji lenye sahani ya maua ya buluu iliyozamishwa upande wa kichwani, na juu yake mti uliojaa vitambaa. Maandishi yalisema: Kaburi la Sharifu.

"Sharifu gani?" mama akasema. "Hiyo sahani ya mama yangu. Tulikuwa tunalia pilau. Huyo ni baba."

Nilidhani atawaka. Badala yake aliirudia ile picha kama mtu anayesoma kifungu cha sheria mara ya pili akitafuta mlango. Jioni akaniita.

"Alisema mwanangu asikanyage," akasema. "Sivyo?"

"Ndivyo ninavyosikia."

"Hakutaja watalii."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Kata tiketi mbili, aliniambia, na usinihangaishe na maswali.

Asubuhi ya safari tulikusanyika Mwenge. Abiria wengi walikuwa akina mama wa kikundi kimoja, wamevaa vitenge vya sare na wamebeba chakula cha kulisha kijiji, jambo lililoonyesha kwamba wanakijua vizuri chakula cha asili cha kwenye tiketi. Nyuma kabisa walikaa kijana na binti walioshikana mikono kama wanaovuka barabara. Kiongozi wetu alikuwa kijana mchangamfu mwenye kipaza sauti kifuani. Alimpa kila mtu kitambulisho cha plastiki kilichoandikwa MGENI, akafika kwa mama akainama kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mimi mtalii."

"Karibu sana, bibi mtalii. Bagamoyo umeshawahi kufika?"

"Nimepata kuisikia," mama akasema.

Njiani kiongozi alitueleza maana ya jina Bagamoyo, ambayo kila mtoto wa shule anaijua, halafu akatueleza tena tulipofika Mapinga, labda kwa wale waliosinzia mara ya kwanza. Tulipopita njia ya kwenda Mbegani akasema huko ndiko samaki wanakosomeshwa. Akina mama wa vitenge wakapiga makofi. Mimi najua wanaosomeshwa kule ni wavuvi, lakini nilikuwa nimelipa kuelimishwa, si kuelimisha.

Kaole tulifika jua limeshakaza. Ni mahali pazuri kwa kweli, magofu yale na makaburi yake ya mnara, na mtu angeachwa tu akae angeondoka na kitu moyoni. Kiongozi hakuwa tayari kutuacha tukae. Alituamuru tufumbe macho tusikie sauti za wahenga. Tukafumba. Zikasikika sauti za wahenga wakiulizana nani amebaki na funguo za gari, kisha simu ya mwenyekiti wa kikundi ikaimba taarabu. Kiongozi akasema hiyo ni dalili njema.

Chakula cha asili kilikuwa chipsi.

Baada ya chipsi tukapelekwa kwenye mashamba ya chumvi, ambako kiongozi alinyoosha mikono yote miwili kama mwenye mali. "Ndugu wageni, hili ndilo jangwa letu!" Na kusema haki, ukiangalia kwa jicho moja, palifanana: ardhi nyeupe, tupu, inayochoma macho, upepo unavuma na hakuna kivuli hata cha kuazima. Mmoja wa akina mama akauliza ngamia wako wapi. Kiongozi akasema wamepumzishwa msimu huu. Mtu aliyekuwa akikokota chumvi kwa reki alisimama akatutazama tukipiga picha za mchanga, akaniuliza kwa upole, "Mmepoteza nini, kaka?" Mama alikuwa pembeni na kofia yake, hapigi picha wala hasemi, akitazama upande wa bara. Nilimwona anapangusa kiganja kwenye gauni, kama mtu anayesubiri jina lake liitwe.

Kituo cha mwisho kilikuwa chetu.

Basi lilituacha barabarani, tukaingia kwa miguu kwenye kinjia kati ya mashamba. Mama alianza kwa kasi. Alipita kushoto pasipo alama yoyote, akakwepa shimo kabla halijaonekana, akawa ametangulia mbele ya kiongozi kwa hatua kadhaa. Ghafla akakumbuka kazi yake. Akasimama, akarekebisha miwani, akaonyesha shamba kwa kidole.

"Mwanangu, na huu ni mti gani?"

"Huo ni mhogo, bibi."

"Aa! Unaliwa?"

Kiongozi akampa somo refu juu ya mhogo. Akamwonyesha jani, shina, mizizi, na jinsi wenyeji wanavyochimba. Mama alitikisa kichwa kila mahali panapostahili, mama huyu ambaye mgongo wake hadi leo unauma kwa ajili ya shamba hilo hilo. Nilitaka kucheka, nikaona mkono wake umeshika mkoba kwa nguvu mno, nikaacha.

Kaburi lilikuwa limezungushiwa kamba ya nailoni. Mwarobaini ulikuwa umejaa vitambaa vya kila rangi, vipya na vilivyochakaa, mpaka majani yanaomba nafasi. Kiongozi akapunguza sauti ya kipaza, akaanza.

Sharifu huyu, alisema, alikuja kutoka Hadhramauti akiwa kijana. Akampenda binti wa hapa, wazee wakamkataa. Akafa kwa mapenzi. Kabla ya kukata roho akaahidi kwamba kila atakayenyimwa ndoa na wazazi wake akija kufunga kitambaa hapa, mioyo ya wazazi italainika. Ndiyo maana anaitwa Sharifu wa Ndoa.

Babu yangu. Sharifu wa Ndoa. Mtu aliyemfukuza mwanawe kwa sababu ya ndoa, aliyekataa hata kuonja pilau ya harusi aliyopelekewa kwenye bakuli, sasa anaozesha watu bila ubaguzi na halipwi hata ubani. Hadhramauti yenyewe hakupata kuijua; safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Vigwaza, alikwenda kumdai mtu mbuzi.

"Na ushahidi upo," kiongozi akaendelea. "Palikuwa na mwanamke wa kijiji hiki hiki. Baba yake alimkatalia mchumba. Basi kila mwaka alikuwa analeta kitambaa cheupe kwenye mti huu. Wazee hapa wamekiona kwa macho yao. Na nini kikatokea? Aliolewa na mume wake huyo huyo! Mume akawa mtu mkubwa sana, watoto wakasoma, nyumba ikajaa raha. Watu walipoona hivyo, nao wakaanza kuleta vitambaa vyao."

Nilielewa polepole, kama anayetazama maji yakiingia ndani ya nyumba. Sharifu hakuletwa na wafanyabiashara. Alitengenezwa na mama. Wanakijiji waliona bafta inakuja kila mwaka, wakamwona na mwenye bafta mjini anaishi vizuri na mume wake, wakajumlisha. Walichokosea ni kimoja tu: walidhani anashukuru, na yeye alikuwa analia.

Mama alikuwa amesimama wima.

"Na huyo mwanamke yuko wapi sasa?" aliuliza.

"Alishafariki, bibi. Alifariki kwa furaha."

"Masikini," mama akasema. "Mungu amrehemu."

Kuhusu mume aliyekuwa mtu mkubwa sana, niseme tu kwamba marehemu baba yangu alistaafu akiwa mwalimu wa hesabu, na ukubwa wake ulikuwa wa kiuno. Lakini raha ilikuwepo, hapo kiongozi hakudanganya. Walicheka sana wazazi wangu. Ila kila mwaka siku bafta inapoondoka, mama alifunga mlango wa chumba, na baba akatupeleka sisi watoto nje tukacheze mpaka giza liingie. Sikujua sababu mpaka nilipokuwa mkubwa, na nilipoijua nilimchukia babu kwa moyo wangu wote. Nilifika pale na chuki hiyo, nimeibeba mzimamzima.

"Wenye shida ya ndoa tu ndio wanaruhusiwa kuvuka kamba," kiongozi akatangaza. "Wengine mnaweza kupiga picha kutoka hapo hapo."

Kijana na binti wa siti ya nyuma wakavua viatu wakaingia. Binti alifunga ushungi wake mwembamba kwenye tawi. Walipotoka, mama akamshika bega.

"Baba yako yu hai?"

"Yu hai, bibi. Ila hataki kuniona."

"Basi nenda kambishie hodi. Akikufukuza, kaa barazani. Huku makaburini kuna siku utakuja kwa lazima, usijiwahishe."

Alimwambia kwa ukali, kama anavyotuambia sisi. Binti akaanza kulia. Akina mama wa vitenge wakawa hawajui waendelee na picha au waache.

Hapo nilidhani tumemaliza. Mpango wetu ulikuwa wazi: mtalii anafika, anaona kutoka kwenye kamba, anasoma Fatiha moyoni, anarudi Dar. Wasia haujavunjwa, kaburi limeonwa, hakimu na mshtakiwa wote wamelala salama. Nikamshika mkono tugeuke. Hakugeuka.

"Haifai," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini haifai?"

"Mtalii hana baba hapa."

Akavua kofia akanipa. Akavua miwani. Akavua kile kitambulisho cha MGENI, nacho akanipa. Halafu akainama kufungua kamba za raba, akaziacha pale pale kwenye nyasi, akainua kamba ya nailoni.

"Bibi!" kiongozi akacheka. "Kwa umri huo bado una shida ya ndoa?"

Wote wakacheka. Sikuwalaumu, ilikuwa na uchekeshaji wake.

"Ninayo," mama akasema. "Na ni ya siku nyingi."

Akavuka.

Najua lilikuwa jambo dogo. Mwanamke mzee amevuka kamba ya kuanikia nguo. Lakini mimi nilijua alichovuka. Mama hajapata kuvunja neno la mtu maisha yake yote, la mahakama wala la nyumbani. Hata kubishana na kondakta alikuwa anataka kwanza tukubaliane nani alisema nini. Na sasa alikuwa amesimama pale alipokatazwa kusimama, peku, bila kofia ya kujifichia, kama mwana na si kama mtu mwingine yeyote. Alitoa bafta kwenye mkoba lakini hakuifunga kwenye mti. Aliishika tu.

"Shikamoo baba," akasema.

Halafu akangoja.

Alingoja kweli. Sisi watu wa pwani hatupiti juu ya salamu. Mtu akikuamkia hutendi jambo lingine mpaka umemwitikia, na aliyeamkia haondoki mpaka ameitikiwa. Mama alisimama vile vile alivyotufundisha kusimama mbele ya wakubwa, kichwa kimeinama, mikono mbele. Vicheko vikaisha kimoja kimoja. Kiongozi akatazama saa, akafungua mdomo, nikamkamata mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia. Mama akaamkia tena. "Shikamoo baba." Sauti ilikuwa imeshuka, ilikuwa ya mtoto. Nilielewa kwamba hataondoka. Atasimama pale mpaka basi liondoke, mpaka usiku uingie, na wale waliomcheka hawakujua sharifu wao ana ukaidi wa namna gani na ameuzaa wa namna gani.

Mimi ni somo yake babu. Mama alinipa jina lake nilipozaliwa, na baba yangu Mkristo hakupinga, na kwetu mwenye kubeba jina la mzee hubeba na nafasi yake: ndugu zake mama, hata waliosusa harusi, walikuwa wananiita mzee nikiwa bado nanyonya. Nafasi hiyo niliikataa tangu nilipopata akili. Jina nililitumia kwenye vyeti tu, kwa sababu vyeti havijali.

Nikavua viatu nikavuka kamba. Nilisimama upande wa kichwani, penye sahani, nikamtazama mama yangu kutoka pale. Neno lenyewe halitamkiki. Mtoto kumwitikia mama yake namna ile ni laana, ningelitamka nyumbani ningezabwa kofi na majirani wangeongeza la kwao. Nikamwona anafungua mdomo kuamkia mara ya tatu.

"Marahaba, mwanangu," nikasema. "Radhi unazo."

Kichwa chake hakikuinuka mara moja. Machozi yalikuwa yanadondoka moja kwa moja kwenye bafta na hakuyafuta. Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu, na sijui mpaka leo alikuwa anamwona nani.

"Umechelewa kujibu," mama akasema.